Judo katika Chumba cha Juu, Al-Safa

Nilifika Riyadh nikiwa na miaka thelathini na miwili, mjane, fundi wa nguo kutoka Voi, na mtoto wangu wa kiume nimemwacha kwa mama yangu. Ilikuwa ile miaka ambayo mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa wamejaa kila mji wa Kenya. Ndege yetu ilijaa wanawake kama basi la kwenda harusini, ila hakuna aliyeimba. Uwanjani tulikaa sakafuni tukisubiri kuitwa, na hatukuitwa kwa majina yetu. Lilisomwa jina la kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, ukatazama karatasi yako, ukasimama.

Kafili wangu alikuwa mzee mstaafu, naye amefiwa na mkewe, masikio yake mazito. Nilimwita baba kama nilivyofundishwa na wakala. Wanawe wa kiume walikuwa na nyumba zao, na binti yake wa mwisho alikuwa Japani, alikomfuata mume aliyepelekwa kusoma huko. Nyumba ilikuwa na vyumba saba na watu wawili. Kazi niliiweza. Kilichonishinda ni kimya. Baba alikula, akasema shukrani, akarudi kwenye televisheni iliyozimwa sauti, kwa kuwa hata ikiwashwa hakuisikia.

Mtu akiniuliza leo upweke wa kule ulikuwaje, sitaji wimbo wala chakula cha nyumbani. Kule Voi kazi yangu ilikuwa kuwagusa watu. Unamzungushia mteja futi kifuani, unamwambia anyanyue mikono, unambana bega uone mshono utakaa wapi. Jumapili kanisani unashikana mikono na benchi zima. Ukirudi nyumbani mtoto anakulalia mapajani. Riyadh nilikaa mwaka na miezi minne na sikuguswa na binadamu yeyote, isipokuwa daktari wa vipimo vya ikama, kile kibali cha kuishi, aliyenishika mkono kutoa damu. Wakati mwingine nikipiga pasi kanzu za baba nilijikuta nimeliwekea bega la kanzu kiganja, nimesimama tu, pasi inapoa.

Kisha binti akarudi. Aliachika huko Japani, au aliacha yeye. Sikuambiwa wala sikuuliza. Alikuwa mwembamba, miaka yake karibu na yangu, anazungumza Kiingereza taratibu kwa ajili yangu na Kiarabu akisahau. Tangu siku ya kwanza nilimwita madam. Alikuja na masanduku manne, na katika moja kulikuwa na nguo tatu nyeupe nzito ambazo alinikabidhi nizifue.

Niliichukua moja nikaisahau kazi. Koti fupi lisilo na vifungo, kitambaa kimefumwa kwa vinundu vidogo kama punje za mchele, kola yake nene kama kamba, imeshonwa mistari mitano. Makwapani palikuwa na kiraka cha ziada, magotini mwa suruali tabaka mbili. Nilikuwa naigeuza ndani nje nitazame alivyokunja mshono yule aliyeishona, mara nikamwona madam mlangoni mwa chumba cha kufulia.

"Imeharibika?" akauliza.

"Hapana, madam. Natazama mshono. Mtu aliyeshona hii alijua itavutwa."

"Unajua kushona?"

"Ni kazi yangu."

"Hiyo ni nguo ya judo," akasema. "Nataka nyingine kama hiyo. Ya saizi yako."

Hakusema ni ya nini, nami sikuthubutu kuuliza. Ijumaa iliyofuata dereva alitupeleka soko la Batha kutafuta kitambaa. Madam alibaki garini, mimi nikateremka na dereva. Batha siku ya Ijumaa imejaa watu wa dunia nzima, bega kwa bega, na katikati ya zile kelele nikasikia mtu akisema kwa Kiswahili, "Sasa hiyo si ndiyo ile nilikuonyesha jana?" Niligeuka. Walikuwa wanaume wawili, Wakenya, wamesimama kwenye duka la simu. Nilitaka tu kuwaambia hamjambo. Dereva akasema yalla, yalla, twende, madam anasubiri kwenye joto. Nilinunua drili nyeupe, uzi mzito na sindano za namba kubwa, nikarudi garini. Njia nzima niliirudia ile sentensi kichwani, ya kuonyeshwa kitu jana, nikijaribu kukumbuka ilitamkwa kwa lafudhi ya wapi.

Miezi miwili baadaye madam alipata kazi ya kufundisha chuoni Jeddah. Alimchukua baba yake, na mimi nikaenda nao. Tukapanga nyumba ya ghorofa mbili Al-Safa, mtaa wa kuta ndefu na mageti, ambapo unaweza kuishi mwaka mzima ukamjua jirani kwa sauti ya gari lake. Baba alipewa chumba cha chini kwa ajili ya magoti yake. Chumba kikubwa cha juu madam hakukiwekea samani. Yalikuja magodoro magumu ya kijani, vipande kumi na viwili, tukavipanga vikabanana ukuta hadi ukuta. Akaniambia nivae koti nililoshona.

Tulisimama tukitazamana, miguu mitupu. Akainama, nami nikainama. Kisha akanyoosha mikono, wa kulia ukashika kola yangu karibu na mtulinga, wa kushoto ukashika mkono wa koti chini ya kiwiko.

"Na wewe nishike hivyo hivyo," akasema.

Nilimshika. Nilisikia uzito wa mikono ya mtu mwingine ukining'inia kwangu, na joto lake, na pumzi yake, na machozi yakanijaa pale pale kabla hajanifanya lolote. Akaniachia haraka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, madam. Ni vumbi."

Alijua kwamba chumba hakikuwa na vumbi, maana nilikuwa nimekipangusa mara mbili.

Majuma ya mwanzo hakunirusha. Alinifundisha kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono upige godoro kwa nguvu sekunde ile ile mwili unapofika, ili kishindo kiishie mkononi. Kwanza ukiwa umechuchumaa, halafu ukiwa umesimama, nyuma, kulia, kushoto. Alisema mwalimu wake huko Japani, bibi kizee mwenye mkanda mweusi, alimwangusha yeye mwenyewe hivyo miezi mitatu kabla ya kumfundisha kingine chochote. Nilianguka mamia ya mara. Mchana napika, jioni kati ya alasiri na magharibi naanguka.

Baada ya hapo akaanza kunirusha. Kulikuwa na mtupo wa kukufyeka mguu kwa nyuma, na wa kukubeba mgongoni kama gunia, na wa kukuzungusha kwenye nyonga. Alinieleza kwamba siri haikuwa nguvu. Kwanza unamtoa mtu kwenye mizani yake, unamvuta kidogo hadi uzito wote uwe kwenye vidole vya mguu mmoja, na hapo hata mtoto anaweza kumwangusha. Nilielewa upesi kuliko alivyotarajia. Nimeshona nguo za watu waliopinda na najua mwili unavyoegemea upande mmoja bila mwenyewe kujua.

Siku ya kwanza kishindo kilipotikisa nyumba, baba aliita kutoka chini kwa sauti ya watu wasiosikia.

"Kuna nini huko juu?"

"Nasogeza kabati, baba," madam akajibu kwa kupaza sauti.

Ikawa hivyo kila jioni. Baada ya juma moja, nilipompelekea chai, mzee aliniuliza bila kucheka, "Binti, nyumba hii ina makabati mangapi?" Nilikimbilia jikoni nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Voi.

Tukimaliza mazoezi madam hakushuka mara moja. Alikaa kwenye godoro akaegemea ukuta, akanisimulia. Nadhani hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Ndugu zake walimpigia simu kumuuliza ataolewa lini tena, na walimu wenzake chuoni walizungumza habari za mitihani. Mimi nilikuwa mtu pekee Jeddah ambaye ukitaja judo hakuulizi kama si karate.

Alinieleza kwamba aliyeianzisha alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtu mfupi mwembamba aliyechoka kuonewa na wenye miili. Enzi za wapiganaji wa upanga zilikuwa zimekwisha Japani, na mabingwa wa zamani wa mieleka ya kivita walikuwa wamezeeka, hakuna aliyewataka. Wengine walijipatia riziki kwa kuunga mifupa. Kwa hiyo yule kijana alizunguka mji akiulizia waunga mifupa, akijua ndani ya mmoja wao atampata bingwa. Alimpata. Siku moja alirushwa akamuuliza mwalimu, mkono unakwenda wapi, mguu unakwenda wapi? Mzee akasema njoo tena, akamrusha. Akauliza tena, akarushwa tena. Hakupata jibu lingine.

"Kama madam," nikasema.

Alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumfanyia mzaha.

Akaendelea. Yule mwanzilishi alipofungua shule yake alipewa chumba kwenye hekalu, mikeka kumi na miwili, wanafunzi tisa. Walipoanza kurushana, vibao vya kumbukumbu ya wafu vilianguka kwenye rafu zake na vigae vya paa vikateguka. Mtawa alilalamika. Mwanzilishi mwenyewe aliingia chini ya sakafu na taa, akitambaa, kuzirudishia mbao zilizovunjika. Mmoja wa wale wa mwanzo, mdogo wa umbo, alianguka kama paka, kila mara kwa miguu, na hakuna aliyemweza. Alikuja kuingia kwenye vurugu akaondoka shuleni, akaishia mji wa mbali akiandika habari za magazeti. Nilimfikiria sana huyo. Nilitaka kujua kama huko magazetini kuna mtu aliyewahi kumshika kola.

Habari za wanawake alizisimulia kwa sauti nyingine. Mwanzilishi aliwafundisha wanawake faragha, nyumbani kwake kwanza. Baadaye wakapewa darasa lao, lakini mashindano walikatazwa, na ngazi za mkanda mweusi ziliishia ya tano kwa mwanamke yeyote. Mjukuu wa yule mwalimu wa kwanza, yule muunga mifupa, alikaa kwenye ngazi hiyo ya tano kama miaka thelathini, akiwafundisha watu waliompita na kupanda. Hakuolewa. Alihamia nchi ya mbali akafundisha hadi uzeeni.

"Miaka thelathini," madam akasema, akitazama mikono yake. Alikuwa na mkanda wa kahawia. Mtihani wa mweusi ulikuwa umebaki miezi miwili ndoa ilipovunjika.

Katika nyumba tuliyopakana nayo ukuta alifanya kazi dada mmoja kutoka Kwale. Tulikutana tukitoa taka, yeye na ndoo yake na mimi na mifuko yangu, dakika tano, pengine kumi. Alikuwa mcheshi, mweupe wa meno, na aliniita jirani. Kwa hizo dakika tano nilijua habari zote za bosi wake, za watoto wa bosi wake, na za mume wake aliyemwacha Ukunda. Nilizisubiri siku nzima.

Jioni moja mkono wa gauni langu ulipanda nilipoutupa mfuko, akaona. Nilikuwa na michubuko kuanzia kwenye kiwiko, mingine ya zambarau, mingine imeanza kuwa njano.

"Jirani, huo mkono una nini?"

"Ni mazoezi. Mimi na madam tunacheza judo."

"Mnacheza nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, sasa naona, kwa sababu nilikuwa na haraka na furaha. Aliweka ndoo chini.

"Ngoja. Huyo madam wako akushika akakupiga chini?"

"Ananirusha. Ni mchezo wa Wajapani."

"Na wewe wamrusha?"

"Bado sijafundishwa."

"Na siku hutaki, wamwambiaje?"

Nikaushusha mkono wa gauni. Akanishika mkono pale penye michubuko, polepole. "Mwenzangu, mtu akupiga chini kila siku, wewe humpigi, na huwezi kukataa. Hilo kwetu lina jina. Nina namba ya dada mmoja wa ubalozini. Niseme?"

"Usiseme. Si hivyo."

"Haya," akasema. "Sitakuuliza tena." Akachukua ndoo yake akaingia ndani, na tangu siku hiyo alinisalimia vizuri lakini hakunisimulia kitu.

Nilikuwa na hasira naye siku mbili. Ya tatu nikajua hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuulizwa kama nataka. Madam alisema yalla, nikavaa koti. Zile dakika za kushikwa nilizipenda sana hata sikufikiria kwamba zingeweza kukataliwa, na kama haziwezi kukataliwa ni nini? Nilijiuliza hivyo nikikatakata vitunguu. Alasiri ilipofika madam alichungulia jikoni.

"Yalla."

"Madam, leo sitaki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaki tu."

Moyo ulinidunda kama nimeiba. Alisimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, kisha akapanda ngazi peke yake. Nilimsikia juu akifunga mkanda kwenye nondo ya dirisha na kuuvuta, hatua, kuvuta, hatua, kuvuta. Hakukuwa na kishindo. Baba hakuita.

Siku tatu hakulitamka jina langu. Niliwaza safari ya kurudishwa kwa wakala, niliwaza nyumba nyingine na madam mwingine asiyejua hata kusema tafadhali. Siku ya nne alikuja jikoni, hakusema yalla. Akauliza, "Leo unataka?"

"Nataka," nikasema. "Lakini na mimi nifundishwe kurusha."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya jikoni kwangu. "Mwalimu wangu angeniona angenionea aibu," akasema. "Yule mzee aliyeanzisha alisema mnaofanya judo mnafaidika wote wawili, ama si judo. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumwangusha tu. Nilikuwa nimekasirika, na wewe ulikuwepo. Kwa nini hukusema mapema?"

"Mimi ni mfanyakazi, madam."

Alilitazama sinki. Halafu tukapanda juu.

Nilijaribu majuma mengi na sikumwangusha. Kila nilipoingia alikuwa ameshahama. Akachagua kunifundisha mtupo wa kufagia mguu: mwenzako anapokanyaga mbele, kabla uzito haujafika, unaufagia mguu ule kwa unyayo wako, chini kabisa. "Hii utaiweza," akasema, "unafagia kila siku." Nikacheka kwa adabu. Haikunichekesha.

Ilitokea siku ya kawaida tu, katikati ya Shaabani. Tulikuwa tunazunguka, nimemshika, sifikirii lolote, nasikia kupitia kola mwili wake ukielekea kukanyaga kulia. Mguu wangu ukaenda wenyewe. Aliinuka hewani kimyakimya kama shuka inayokung'utwa, akaanguka, mkono ukapiga godoro. Alibaki chali akitazama dari.

Mimi nilishikwa na hofu. Nilikuwa nimempiga bosi wangu chini, nchi ya watu.

"Samahani, madam."

"Usiombe samahani." Hakunyanyuka bado. Alikuwa akipumua kwa mdomo wazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua. "Tangu Japani hakuna aliyenirusha," akasema. "Hakuna. Nilisahau inavyokuwa." Kisha akapiga magoti, akaninyooshea mkono nipige magoti mbele yake, tukainamiana hadi vipaji vya nyuso vikagusa godoro. Nilichelewa kuinua kichwa. Nilisikia harufu ya mpira wa godoro na jasho letu.

Jioni ile nilibeba taka hata kabla hazijajaa. Nilitaka kumwambia jirani yangu, nimemrusha, sasa tunarushana, ulisema kweli, ila sasa si hivyo tena. Geti lao lilikuwa na mnyororo. Dereva wa nyumba ya pili akaniambia familia imehamia Tabuk juzi, vitu vilibebwa asubuhi moja. Nilimpigia simu, haikupatikana. Nilimtumia ujumbe mrefu, ukabaki na alama moja ya kijivu. Ulibaki hivyo mpaka simu ile ilipokufa.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kama mizuri. Tulirushana zamu kwa zamu, na nikajifunza kumbana mtu chini na kubanwa, kifua juu ya kifua, mpaka mmoja apige godoro mara mbili kuomba kuachiwa. Ukiwa umembana mtu hivyo unasikia moyo wake kwenye mbavu zako. Sikuwa na jina la kumwita yeye ni nani kwangu. Chini nilikuwa nampa chakula mezani na kurudi kula jikoni. Juu nilimwangusha.

Kisha serikali ikaanza kutoa leseni kwa majumba ya mazoezi ya wanawake. Moja lilifunguliwa si mbali na chuo, na madam akapata huko kocha, Mtunisia mwenye mkanda mweusi, na wasichana wa kutosha kuunda darasa. Aliniambia habari hizo akiwa amefunga mikono kifuani kujizuia asirukeruke. Nilimfurahia kweli. Magodoro ya kijani yalihitajika kule hadi yao yafike, kwa hiyo mimi na dereva tuliyashusha ngazini, moja moja, tukayafunga juu ya gari. Hayakurudi. Chumba cha juu kiliwekwa meza na kompyuta.

Siku moja alinichukua nimsaidie kubeba mizigo ya sherehe ndogo ya ufunguzi. Bila kumwambia, nililikunja koti langu nikaliweka chini kabisa ya mkoba wangu. Kule nilikaa kwenye benchi la ukutani. Wasichana walivua abaya wakanipa nizishike, nikazipanga mapajani, kumi na kitu, nyeusi zote. Yule Mtunisia akamshika madam kola wakaanza. Sikujua mtu anaweza kurusha vile. Madam aliruka, akaanguka, akaamka anacheka, akaanguka tena, na nikaelewa kwamba nilichoweza kumpa mimi kilikuwa kidogo, cha kushikiza tu mpaka kikamilifu kipatikane.

Walipopumzika Mtunisia alinitazama. "Na huyu ni nani?"

"Anafanya kazi kwetu nyumbani," madam akasema.

Ilikuwa kweli. Nimeigeuza sentensi ile kila upande, miaka yote hii, na sioni kosa lake. Lakini alipoisema alitazama chupa yake ya maji na si mimi. Sikufungua mkoba. Saa ilipofika niliwavalisha wasichana abaya zao, kila mmoja yake. Nilizijua kwa mishono.

Mkataba wangu ulikuwa umebaki miezi mitatu. Madam aliniita sebuleni akaniomba niongeze miaka miwili. Baba amekuzoea, akasema, na mimi pia.

"Nashukuru, madam. Nitarudi nyumbani."

"Ni kwa sababu ya klabu?"

"Mtoto wangu anaingia kidato cha kwanza," nikasema. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu nyingine sikuwa na Kiingereza chake, na hata katika Kiswahili nimechukua muda kuupata: kwamba upweke wa mwanzo niliuweza kwa sababu sikujua kingine, na huu wa pili nisingeuweza.

"Halas, basi," akasema kwa sauti ya chini. Siku ya safari alinisindikiza hadi uwanjani, akakaa nyuma nami, bega kwa bega. Mlangoni alininyooshea mikono yote miwili, tukakumbatiana juu ya abaya zetu kama wanawake wengine pale, haraka, mkoba umebanwa katikati. Hatukuandikiana sana baada ya hapo. Alinitumia picha alipofaulu mkanda mweusi. Nilimpongeza. Alinitumia ujumbe baba alipofariki, nikalia siku nzima, na mama yangu hakuelewa namlilia nani.

Voi nilikuta mtoto wangu amenipita kimo. Alisimama uani akiwa na sare ya shule, akanipa mkono kama mtu anayempokea mgeni wa bibi yake, akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba. Sikumlazimisha. Nilipangisha chumba karibu na soko nikaanza tena na cherehani, na kila jioni alipita kunichukua twende nyumbani, akitembea hatua moja mbele, ananijibu ndiyo na hapana. Ilikuwa Desemba, njiani kutoka kanisani, mvua ikitupiga, aliponiuliza kule Uarabuni nilikuwa nafanya nini siku nzima. Nikasema ni hadithi ndefu. Akasema tuna muda, tukaingia chini ya baraza la duka la mbao, nikaanza na ile ndege.